Aliyelamba Tairi

Jioni ya mkesha wa Krismasi, giza likianza kuingia katika mtaa wetu wa Tena, wifi yangu Lorraine alinipa mkebe wa chapati niupeleke kwenye gari. Yeye alibaki nyumbani akitafuta sweta ya mtoto. Safari ya Busia ilikuwa ianze usiku huohuo, na dereva ni mumewe Zedekiah, mdogo wangu.

Gari nililikuta nje ya baa. Nilijua tu! Watoto wake wawili walikuwa kiti cha nyuma, madirisha yamefungwa, wanachora kwa vidole kwenye kioo. Baba yao amesimama mbele na chupa, shati limelowa kifuani, povu kwenye masharubu. Alinuka machicha ya pombe yaliyosahaulika juani. Mtu mzima, tena mzee wa kanisa! Nilitamani kumtemea mate.

Kila Krismasi ana huu mchezo wake: kabla ya safari anamwagia tairi la mbele pombe, eti wazee waliotutangulia wapate na wailinde njia. Marehemu baba yetu alikuwa akimwaga tone moja, mlangoni pake, akiwataja wafu wetu kwa majina, na hakuwa anaenda popote. Huyu alimwaga nusu chupa kando ya barabara na hakutaja mtu.

"Karibuni nyote!" akapaza sauti. "Kunyweni!"

Povu likateremka kwenye tairi.

Kisha nikasikia... kulamba.

Nikadhani ni mbwa. Nikainama.

Hakuwa mbwa.

Mwanamume amechuchumaa pale, suti imemgandama mwilini kwa matope, uso ameuzamisha kwenye tairi. Alilamba polepole, kwa raha, na ulimi wake ulikuwa mrefu, mweusi kama lami. Harufu ikanifikia: petroli, matapishi, nyama iliyooza.

Akainua kichwa. Upande mmoja wa uso haukuwepo.

"Wewe ni nani?" nikanong'ona.

"Nimekaribishwa," akasema. "Sisi tuliofia barabarani hatuna wa kutumwagia." Akanyoosha kidole kwenye dirisha la nyuma. "Hao wawili tutaenda nao."

Mtoto mdogo alikuwa akicheka, anampungia mkono.

"Zedi! Huoni?"

"Naona nini? Sista, tulia basi. Mimi nikikunywa ndio naendesha poa. Na hata polisi wa alcoblow, wa kupima walevi, leo hakuna."

Nikamnyang'anya funguo. Akanikamata nguo, akanicheulia usoni, na kile kitu kikacheka, mdomo umejaa povu. Nikazirusha funguo kwenye mtaro wa maji taka. Zikazama.

"Umeniharibia Krismasi!" Zedekiah alilia machozi kabisa. Akapiga magoti, akatumbukiza mkono hadi begani ndani ya kinyesi cha mtaa mzima, akipapasa. Sikumsaidia, wala sikumwonea huruma. Nilifungua mlango, nikawatoa watoto.

"Shangazi," mkubwa akaniuliza, "na huyo anko haendi na sisi?"

Nikamvuta kwangu.

Yule mlamba tairi akasimama, akajifuta mdomo kwa mkono wa suti. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akaanza kutembea kando ya magari yaliyoegeshwa, akinusa matairi... moja... lingine... mpaka kwa gari la Irungu, jirani yetu muuza vyuma. Irungu alikuwa kwenye usukani, chupa mkononi, macho mekundu. Mkewe alikuwa kando yake, na nyuma watoto wanaimba.

"Irungu, usiende!" nikapiga kelele. "Umelewa! Shukisha watoto!"

Mkewe akanitazama, kisha akatazama magoti yake. Irungu akamwona Zedekiah mtaroni, akacheka hadi akakohoa.

"Mama, punguza wivu! Wazee wako macho, watatulinda." Akatoa chupa dirishani, akamwaga kidogo chini. "Haya, na nyinyi mpate."

Nilikimbia. Nilipiga boneti kwa viganja, nikamtukana matusi ambayo sijawahi kuyatamka mbele ya watoto. Akanikwepa, gari likapanda ukingo wa barabara, likashuka, likaondoka likiyumba.

Nikatazama chini. Pale alipomwaga, lami ilikuwa imelambwa ikakauka.

Na kupitia kioo cha nyuma, niliona watoto wa Irungu wakisogeana kwenye kiti, wakimpisha mtu akae.