Hedifoni za Marehemu Oguttu

Jua lilikuwa linazama nilipofunga mashine ya kurekodi nyuma ya baiskeli, pamoja na betri yake na utepe wa wimbo wa mke wangu. Nilikuwa navuka mpaka kwenda kwa Norah, mjane wa Oguttu, kujaribu hedifoni alizoacha mumewe. Mwaka ulikuwa 1957, na mpaka wenyewe hapa Busia ulikuwa barabara tu. Mbuzi walivuka bila kuulizwa jina.

Shida yangu ilikuwa hedifoni zangu. Zilikuwa mpya, nzuri kutazama, na zilikuwa zinadanganya. Ngoma ikipigwa, masikioni mwangu ilivuma mpaka fuvu likatikisika, basi mimi naisogeza mbali na maikrofoni. Santuri zikirudi kutoka Nairobi, ngoma inasikika kama mtu anagonga debe tupu. Mtu wa kazi yangu hahitaji hedifoni za kumsifia. Anahitaji za kumwambia alichokosea. Oguttu alikuwa fundi wa redio jeshini wakati wa vita, na walisema zake haziongezi wala hazipunguzi.

Lakini mimi, Hamuza, simwamini mtu anayeuza vitu vya marehemu kwa haraka. Nalisema mapema ili mjue kwamba nilikwenda macho yamefunguka.

"Baba, kuja kesho asubuhi," Norah alininong'oneza mlangoni, taa mkononi. "Saa hii si ya kusikiliza vitu."

"Kesho utepe unapanda lori kwenda Tororo, ushike treni ya Nairobi, Mama Wesonga. Lazima nijue leo nimerekodi nini."

Alitazama nyuma yake, ndani ya nyumba isiyo na mtu. "Haya. Lakini mimi nimekuambia."

Sikio la kufa halisikii dawa. Niliingia.

Ndani palinuka mafuta ya taa, na chini ya mafuta... udongo. Udongo mbichi, kama uliochimbwa mchana ule. Oguttu alikuwa kaburini tangu kabla ya mvua. Nilijiuliza nani kachimba, na kachimba nini, kisha nikainama kuunganisha betri.

Nilianza na hedifoni zangu ili nipate kulinganisha. Mke wangu Zubaida akaimba. Tulikuwa tumerekodi jana yake chumbani kwetu, dirisha limezibwa kwa blanketi, sisi wawili tu, yeye na tongoli yake, ile ala ya nyuzi ya kwao Padhola. Sauti ilikuwa tamu na ya kunona. Utamu huo ndio niliokuwa siuamini.

Mke wangu ni mtu wa Kirewa. Kwao walimwita Athieno, kwa kuwa alizaliwa usiku. Tulipooana akasilimu, akawa Zubaida, na lile jina la kwanza likabaki Kirewa. Mimi sijawahi kumwita nalo. Bibi yake alimfundisha jambo, naye akanifundisha mimi tukiwa bado wachumba. Ukiitwa jina lako la kuzaliwa wakati wa magharibi, na humwoni anayekuita, usiitike. Subiri. Aliye hai ataita tena. Wasio hai huita mara moja tu, kurudia hawawezi.

Wimbo ulipoisha nilirudisha utepe nyuma, nikavaa hedifoni za Oguttu. Zilikuwa nzito, ngozi imepasuka, baridi masikioni.

Yale madaha yote yakaondoka. Nilisikia kucha za mke wangu juu ya nyuzi. Nilisikia kiti kikilia, na pumzi anayovuta kabla ya ubeti. Hizi ndizo, nikajisemea. Nilifurahi mno, wala sioni haya kusema.

Kisha, chini ya ubeti...

"Athieno."

Haikuwa sauti ya kiume wala ya kike. Ilikuwa karibu na maikrofoni kuliko mke wangu mwenyewe.

Nilivua hedifoni. Norah alikuwa amesimama ukutani, ananitazama.

"Athieno ni nani?" aliuliza.

"Nani amekuambia jina hilo?"

"Ni wewe. Umevaa hiyo kitu, ukasema kwa nguvu. Mtu akivaa hiyo hajisikii." Alishusha sauti. "Oguttu naye alikuwa hivyo. Anakaa hapo, anaita watu mimi sijui. Siku ya mwisho akaita jina yangu. Mara moja. Mimi nikanyamaza."

Sikumwamini hata kidogo. Midomo yangu haikuwa imefunguka, au hivyo ndivyo nilivyodhani. Nilimshuku yeye, nikashuku nyumba yake, nikashuku hata waya. Labda alikuwa amezichezea zile hedifoni kabla sijafika. Basi nikafanya afanyacho kila mtu wa kazi yangu akiwa na shaka.

Nilirudisha utepe nyuma.

"Athieno."

Pale pale, chini ya ubeti ule ule. Mke wangu hakukatisha wimbo. Lakini safari hii, kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili, sauti yake nyingine ilisema:

"Abee."

Akaendelea kuimba. Akaitika, na huku anaimba.

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Wao hawawezi kurudia. Mimi nilikuwa nimewarudishia. Kila nilipovuta utepe nyuma ili nichague hedifoni iliyo ya kweli, niliwapa mwito mwingine.

Sikumbuki kuaga, wala kufunga mashine nyuma ya baiskeli. Nilikanyaga baiskeli hadi kifua kikauma, hedifoni za Oguttu zikining'inia shingoni, na nikimwomba Mungu aniachie mke wangu, huyo tu, hata sauti yake nitaacha kuirekodi.

Nilimkuta jikoni, anakoroga chungu. Alikuwa mzima. Nilitaka kulia kwa raha.

"Umechelewa," alisema. "Na uliponiita nje, mbona hukuingia?"

"Sikukuita. Nilikuwa ng'ambo."

"Uliniita Athieno. Nilinyamaza, kama bibi alivyosema. Ukaita tena, ndiyo nikaitika, nikatoka kukuangalia." Alitabasamu. "Nikarudi."

Nilimtazama. Uso ni wake, kanga ni yake, ile alama ya moto mkononi ni yake. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimeshazoea kushuku. Nikamwambia nataka kujaribu hedifoni nilizoleta. Nikaweka maikrofoni mbele yake, nikazivaa.

"Sema chochote," nikamwambia.

Chungu kilitokota masikioni mwangu. Kuku alijigeuza nyuma ya mlango. Mwiko uligusa jiwe la jiko. Nilisikia hata tumbo langu. Midomo ya mke wangu ilikuwa inatembea, meno yanaonekana, koo linapanda na kushuka.

Kimya.

Niliinua upande mmoja wa hedifoni. Anaongea, anacheka kidogo, ananisimulia habari za sokoni. Nikaurudisha. Chungu. Kuku. Pumzi moja tu humo chumbani, na ilikuwa yangu.

Zubaida wangu alikuwa ametoka alipoitwa. Niliyajua hayo pale pale, na moyo wangu ulivunjika mbele ya huyo aliyekuja kushika mwiko wake.

Aliacha kukoroga. Aliinama kuelekea maikrofoni, macho kwangu, nami nikainua upande mmoja nimsikie.

"Iko vizuri?" alinong'ona.

Yeye alikuwa karibu na mlango kuliko mimi. Nikamwambia iko vizuri.