Foleni ya Jumanne

Mwaka ule simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuonekana Tunduma hata kwa wauza nyanya. Malori yalipanga foleni kutoka mpakani hadi huku nyuma kwenye vibanda vya vitenge. Ezron alizima injini, akashuka na shati lake jekundu lililolowa mgongoni, akaenda kwa Jenista, muuza chai wa hapo vibandani. Ndipo alipomwona Ikupa.

Alikuwa juu ya stuli anatundika vitenge, mwenyewe amejifunga cha manjano chenye tausi. Jenista alipomwita anywe chai, alishuka na kutoa kapuni kikombe cha bati, cha buluu, akakinga.

"Kikombe hicho umerithi kwa babu?" Ezron akauliza.

"Na wewe shati hilo umerithi kwa zimamoto?"

Jenista alicheka mpaka birika likayumba.

"Mimi ni Ezron, mtoto wa Msangano."

"Sijakuuliza."

"Nimejibu mapema, usije ukahangaika."

Foleni ilipokuja kusogea, Ezron alikuwa na namba yake ya simu.

Ezron akiwa safarini Zambia, Ikupa alikuwa akimbipu, naye anapiga.

"Dereva wangu, umefika wapi?"

"Mahali pasipo na Ikupa."

"Basi hapo ni pengi, sema vizuri."

Lakini kile kikombe kilimkaa Ezron kichwani. Alimpeleka Mlowo kula wali, Ikupa akaiacha glasi ya hoteli na kumimina soda kwenye kikombe chake cha buluu. Harusini, vilevile. Siku moja Ezron alinyoosha mkono apige funda, Ikupa akakivuta haraka kama anayemwondoa mtoto kwenye jiko la mkaa. Kwa nini? Ezron alilifikiria jambo hilo njia nzima, akaona jibu ni moja tu. Alijua madereva wanavyosemwa Tunduma: kila kwenye mzani wa magari wana mwanamke, na kila mwanamke ana ugonjwa wa kuwapa.

Akaenda kupima. Kisha akapiga simu.

"Ikupa, nimepima. Sina."

"Huna nini?"

"Virusi. Najua ndiyo maana hutaki tuchangie kikombe."



"Mpenzi, hukunielewa hata kidogo," Ikupa akasema. "Ukirudi nitakuambia."

Hakuwahi kumwambia. Asubuhi aliyorudi, Ezron alikuwa anavuka barabara, doti ya kitenge kipya kwapani, alipomwona Ikupa amesimama juu ya stuli, macho yameganda. Kisha akaanguka katikati ya vitambaa vyake. Mwili ukamkakamaa, ukaanza kutikisika, povu likamtoka mdomoni. Watu wakatawanyika.

"Msimguse! Ukigusa povu hilo, na wewe unacho!"

Maneno hayo Ezron aliyasikia tangu akiwa mdogo. Mjomba wake alikuwa na kifafa; alidondokea kwenye moto wa kuchoma mahindi, na watu wazima wakabaki wamesimama. Miguu yake ikamrudisha nyuma, ng'ambo ya mtaro. Jenista peke yake ndiye aliyepiga magoti, akamlaza Ikupa ubavu na kumwekea kitambaa chini ya kichwa.

Ikupa alipofumbua macho, aliliona shati jekundu lilivyo mbali.

"Sasa umejua," alisema taratibu, akageukia ukuta.

Tangu hapo simu yake haikupatikana. Ezron aliona haya hata kujitazama kwenye kioo cha gari. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichomsumbua zaidi: Jenista alikuwa amemgusa. Akaenda kwa Jenista.

"Da Jenista, umemshika mara ngapi?"

"Nimeacha kuhesabu."

"Na huumwi?"

"Naumwa miguu tu, kwa kusimama nikiwachemshia chai waoga."

Ezron akalimeza hilo. Alipovuka kwenda Nakonde akamuuliza muuguzi wa huko, naye akamwambia kifafa hakiambukizi, kwamba ni ubongo wa mtu mwenyewe unaochafuka, na wengi wakimeza dawa kila siku hutulia. "Hata mimi nilikiogopa mpaka nilipoanza kazi," muuguzi akasema.

Akarudi kwa Jenista. "Kama dawa zipo, mbona hamezi?"

"Zinatolewa Jumanne, dirisha la zahanati linalotazama barabara. Foleni ile mji mzima unaijua ni ya nini. Akiona mteja wake anapita, anajifanya anaenda sokoni. Na kikombe kile, kaka, alipewa na mama yake akiwa mtoto, asije akawaambukiza wenzake. Anatukinga sisi."

Jumanne iliyofuata, Ikupa alikuja zahanati amejitanda kitenge mpaka kwenye nyusi. Akatupa jicho kwenye foleni na kutaka kugeuka. Kati ya wagonjwa kulikuwa na shati jekundu, limepigwa pasi.

Lori likapunguza mwendo. Dereva mwenzake, Amoni, akatoa kichwa dirishani.

"Ezron, kumbe na wewe unacho? Tajiri anajua?"

"Msalimie," Ezron akajibu, asikanushe.

Ikupa akamfuata mbio. "Toka hapo. Watakunyang'anya gari."

"Nimekushikia nafasi."

"Siku ile ulirudi nyuma."

"Nilirudi. Niliogopa, kama walivyoogopa kwa mjomba wangu, akaungua tunamtazama. Leo nimeamua kusimama huku."

 Ikupa akaingia mbele yake, akakiacha kitenge kidondoke mabegani.

Ikupa alipopewa dawa, alikinga maji ya bomba kwenye kikombe cha buluu, akameza kidonge.

"Nibakizie," Ezron akasema.

"Usinifanyie maonyesho."

"Nina kiu, Ikupa. Nimesimama juani tangu asubuhi."

Ikupa akachungulia ndani ya kikombe, kisha akampa. Ezron akanywa yote, akajifuta mdomo.

"Nikiwaleta wazee wangu kwenu kutoa posa, watanywea nini?"

Ikupa akaangua kicheko, foleni nzima ikageuka.

"Hao waoga wa kwenu? Waje na vikombe vyao."

Akakipokea kikombe, akakirudisha kapuni bila kukisuuza.