Breki Kubwa za Landrova ya Budeba

Katika kijiji kimoja cha bonde la Usangu kulikuwa na gari moja tu. Lilikuwa gari la Budeba. Budeba alihamia huko kutoka Usukumani, yeye na mke wake Leokadia, mtoto wao Seni, mama yake mzazi aitwaye Bibi Roza, na ng'ombe wao. Maisha yaliwakubali. Mpunga ulistawi, ng'ombe wakazaana. Mwishowe Budeba akauza madume kadhaa, akanunua Landrova ndefu iliyokwisha kutumika.

Gari lilikuwa la Budeba, lakini kazi zake zilikuwa za kijiji kizima. Mtu akizidiwa na ugonjwa, Budeba anaitwa. Mchele ukiwa tayari, magunia yanapelekwa Mbeya au Iringa. Leokadia ndiye aliyepanga mizigo. Alijua gunia lipi likae chini, mgonjwa alale wapi, na kuku wafungwe upande gani.

Watu wakaongezeka, na mizigo ikaongezeka. Budeba akaenda kwa mchomeleaji, akaongeza vyuma nyuma. Bodi likawa refu kuliko lilivyotoka kiwandani. Gari lilipoanza kuinama kwa uzito, akaweka springi nene. Sasa halikuinama tena, hata lijazwe namna gani. Watu walilizunguka na kulisifu.

Leokadia naye alilisifu, lakini kuna jambo aliliona.

"Baba Seni," alisema siku moja, "hili gari siku hizi ukitaka lisimame kisimani, linakwenda kusimama kwa mwenyekiti."

Budeba akacheka. "Ni zito, mama Seni. Kitu kizito hakisimami upesi. Mbona tunafika?"

Kweli walikuwa wakifika. Usangu ni tambarare. Huko gari likichelewa kusimama, linaishia kwenye majani tu.

Mwaka huo Bibi Roza aliugua macho. Wakampeleka hospitali ya Tosamaganga, na safari hiyo hiyo wakabeba mchele wa wanakijiji wa kuuza Iringa. Bibi alitibiwa vizuri. Aliruhusiwa kurudi nyumbani, macho yake yote mawili yakiwa yamefungwa bandeji. Walilala kwa jamaa yao Kihesa. Asubuhi wakapakia gari tena. Walibeba sabuni, chumvi, mabati ya zahanati ya kijiji, na mifuko ya saruji. Nyuma kabisa walikaa abiria wanne wa kijijini kwao, mmoja wao akiwa na kuku.

Kutoka mjini Iringa hadi Ipogolo, barabara inateremka mlimani. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni bonde. Chini kabisa inakutana na barabara kuu, yanakopita malori makubwa ya kwenda Zambia.

Petroli ilikuwa adimu miaka hiyo, na Budeba alikuwa na mazoea yake. Walipofika mwanzo wa mteremko alitoa gia, akazima moto wa injini, akaliacha gari liteleze lenyewe.

Bibi Roza, aliyekaa katikati yao, akageuza kichwa. "Mbona gari limenyamaza?"

"Linateremka, mayu," Leokadia akamjibu. Mayu ni mama kwa Kisukuma. "Usiwe na wasiwasi."

Budeba alikanyaga breki. Gari likapungua mwendo. Akaachia, likakimbia. Akakanyaga tena, safari hii bila kuachia. Kona ya kwanza wakaipita, na ya pili wakaipita. Kisha harufu kali ikajaa ndani, kama ya mpira unaoungua.

"Kuna kitu kinaungua," Bibi Roza alisema.

Budeba alikaza macho barabarani. Leokadia akamtazama mguuni. Mguu wa mume wake ulikuwa umezama hadi sakafuni. Aliuinua, akaukanyagia tena kwa nguvu zake zote. Ukazama kama unaokanyaga matope. Gari halikupunguza mwendo hata kidogo.

"Baba Seni!"

"Hazishiki!" Budeba alisema. "Mshike mama!"

Akajaribu kuingiza gia. Gia zikalia kwa ukali na kukataa. Akavuta breki ya mkono. Gari likatetemeka lote, mabati yakapiga kelele, abiria wakapiga yowe. Mbele yao, kule chini, lori refu lilikuwa linapita polepole. Leokadia alimkumbatia mama mkwe wake, akakiinamisha kile kichwa chenye bandeji kifuani kwake.

Kando ya barabara palikuwa na lundo la mchanga wa watengenezaji wa barabara. Budeba aliliona, akakata usukani. Landrova ikaupanda mchanga, ikazama ndani yake hadi kwenye taa, ikasimama.

Vumbi likatua taratibu.

Halafu kuku mmoja akalia nyuma. Abiria wakaanza kushuka, mmoja mmoja, wakijipapasa miili. Wote walikuwa wazima. Bibi Roza aliuliza, "Tumefika?" na Leokadia akashindwa kujua acheke au alie.

Leokadia akashuka, akazunguka mbele. Moshi ulikuwa unatoka kwenye magurudumu ya mbele. Alisogeza kiganja karibu, akakirudisha haraka. Joto lilimpiga usoni kama la tanuri la matofali. Alishangaa mno. Hakuna mtu aliyewasha moto pale. Joto lote hilo limetoka wapi?

Budeba alikuwa tayari amechukua dumu la maji.

"Acha! Usimwage maji hapo!" sauti ikaita kutoka ng'ambo ya barabara.

Alikuwa fundi wa magari aitwaye Ambrosi. Gereji yake ilikuwa pale pale Ipogolo, na alikuwa ameliona gari likishuka. Alikuja mbio, akiwa na ovaroli lenye mafuta.

"Kamwene," aliwasalimu, akihema.

"Kamwene," Leokadia akaitikia. Salamu hiyo alikuwa ameizoea kwa majirani.

"Chuma cha moto namna hiyo ukikimwagia maji baridi kinapasuka," fundi alisema. "Kiache kipoe chenyewe. Kwanza mpelekeni bibi kivulini."

Mchana ule wakalivuta gari hadi gereji. Fundi akafungua gurudumu la mbele. Akatoa chuma cha mviringo, kinachofanana na sufuria pana, akakiweka juu ya meza.

"Hii inaitwa dramu," alisema. "Inazunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna hivi vipande viwili vilivyopinda. Ukikanyaga breki, vinatanuka na kuibana dramu kwa ndani. Inasuguana navyo, gari linapunguza mwendo."

"Na ule moto?" Leokadia akauliza. "Ule moto ulitoka wapi?"

Fundi Ambrosi akamgeukia, akafurahi. "Umeuliza jambo la msingi, mama. Sugua viganja vyako. Kwa nguvu. Haya, unasikia nini?"

"Joto."

"Ndiyo hivyo. Mwendo wa gari haupotei hivi hivi. Breki zinaugeuza kuwa joto. Gari lenye mzigo wote ule, likishuka mlima wote ule, mbio zake zote zinageuka joto ndani ya hivi vyuma."

Leokadia akautazama mlima walioushuka, kisha akaitazama ile dramu. Akauweka mkono wake ndani yake. Upana wa sehemu ya kusugua ulikuwa vidole vyake vitatu tu.

"Hapa?" alisema kwa sauti ya chini. "Mlima wote ule uliingia hapa?"

"Ulijaribu kuingia. Nafasi haikutosha."

Fundi akaeleza mengine. Mafuta ya breki, yale yanayopeleka nguvu ya mguu kwenye magurudumu, yalikuwa ya siku nyingi. Mafuta hayo yakizeeka hunyonya unyevu wa hewani. Breki zikipata joto kali, maji yale huchemka na kutoa mapovu. Mguu unabaki kubana mapovu badala ya kusukuma breki.

"Nirekebishie hizi hizi, fundi," Budeba alisema. "Tia mafuta mapya, tuondoke."

"Ndugu yangu, naweza. Lakini wewe uliongeza bodi. Ukaongeza springi. Ukaongeza mzigo. Breki uliongeza nini?"

Budeba akaikunakuna shingo.

"Springi zilikufanya usiuone uzito," fundi akaendelea. "Uzito haukuondoka."

Akaingia ndani, akarudi amekumbatia dramu nyingine. Ilitoka kwenye Landrova yenye injini kubwa, iliyoharibika bodi na kuuzwa vipande. Akaziweka mbili hizo sambamba. Leokadia akapima tena. Vidole vinne viliingia.

"Kidole kimoja tu?" Budeba akauliza.

"Kidole kimoja, kuzunguka dramu yote, magurudumu yote mawili ya mbele. Gari likifunga breki, uzito unakuja mbele. Ndipo panapohitaji nguvu. Chuma hiki ni kipana zaidi, kinameza joto zaidi. Na kuna hiki pia." Akawaonyesha chombo cha bati, mviringo, kikubwa kama chungu cha mboga. "Hii ni busta. Inatumia nguvu ya injini kuusaidia mguu."

Budeba akamtazama mke wake. Leokadia akamtazama Bibi Roza, aliyekuwa amesinzia kwenye mkeka na bandeji zake.

"Baba Seni, mimi sitampandisha tena mama kwenye vidole vitatu."

Basi wakaelewana na fundi. Vile vyuma vya ziada vya nyuma vikakatwa, fundi akavichukua kuwa sehemu ya malipo. Bodi likarudi urefu wake. Dramu kubwa zikafungwa mbele, pamoja na vipande vyake vya kusugua, na busta nayo ikafungwa. Mipira ya zamani inayozuia mafuta ya breki yasivuje ikatupwa, mabomba yakasafishwa, mafuta mapya yakatiwa.

"Na mafuta haya," fundi aliwaonya, "yasichanganywe na mafuta ya injini hata tone. Ya injini yanaharibu mipira."

Kazi ilipokwisha, akamwita Leokadia. "Mama, panda ukae kwenye usukani."

"Mimi?"

"Wewe. Kanyaga breki mara kadhaa, kisha ukandamize hivyo hivyo."

Leokadia hakuwahi kukaa mahali pale. Akakanyaga. Breki ikawa ngumu kama jiwe. Fundi akanyoosha mkono, akawasha injini. Mara breki ikashuka yenyewe taratibu chini ya mguu wake. Ilikuwa kama mtu mwingine, mwenye nguvu asiyeonekana, ameweka mguu wake juu ya wa kwake. Leokadia akashika kinywa.

"Injini ikizimwa, msaada huo unakwisha," fundi alisema, akimtazama Budeba. "Kwa hiyo, ndugu, kuteremka umezima moto ndiyo mwisho leo. Gia unayopandia mlima, teremka nayo hiyo hiyo. Injini yenyewe italizuia gari. Breki uzikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi, uziachie, zipate kupoa."

Budeba akaitikia kwa kichwa. "Nimesikia."

Wakapakia mzigo, wakapanda mlima na fundi, wakageuza. Budeba akaingiza gia ya pili. Injini ikanguruma, gari likashuka kwa mwendo wa ng'ombe waliokunywa maji. Mahali penye mteremko mkali kuliko pote, fundi akasema, "Simama."

"Hapa?"

"Hapa."

Budeba akakanyaga. Gari zito lile, na saruji yake, na mabati yake, likasimama pale pale. Halikuteleza, halikutetemeka. Leokadia akatazama chini. Aliuona mto Ruaha mdogo uking'aa, na malori yakipita madogo kama punje za mahindi. Walikuwa wamening'inia juu ya hayo yote, wameshikwa na mguu wa mtu mmoja.

"Mungu wangu," alisema.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Kabla ya kila safari Budeba aliangalia mafuta ya breki. Kila baada ya mavuno alifungua magurudumu na kukagua. Leokadia naye alikuwa mkali kwenye mizigo. Mtu akileta gunia la ziada, alimwambia, "Hili litasubiri safari nyingine," na hakubembelezeka.

Mwaka uliofuata walikuwa wanarudi kutoka Mbeya, wakiteremka milima ya Inyala. Budeba alikuwa kwenye gia ya pili. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Kando ya barabara lilisimama lori lililoharibika. Ghafla, kutoka nyuma ya lori hilo, akajitokeza mama mmoja wa Kisafwa, tenga la viazi kichwani, mtoto mgongoni. Alikuwa ameingia katikati ya barabara.

Budeba alikanyaga. Landrova ikainamisha pua, ikashika ardhi, ikasimama. Kati ya gari na yule mama palibaki nafasi ya kupita ng'ombe wawili.

Yule mama hakushtuka sana. Aliwaona wamesimama, akadhani wamempisha. Akawasalimu kwa Kisafwa, akaliweka tenga lake sawa, akavuka. Mtoto mgongoni aliwageuzia macho makubwa, akawatazama hadi walipozama katika ukungu.

Budeba hakuondoa gari mara moja. Leokadia alisikia injini ikinguruma polepole.

"Hajui," Budeba alisema.

"Hajui," Leokadia akaitikia. "Twende, baba Seni. Taratibu."