Ruhusa ya Kuzika

Viti tisini vya ukumbi wa Baraza la Jiji vilitetemeka, na wajumbe tisini wakashika matumbo. Katika filamu, mtumishi wa ndani alikuwa akipakua pilau ambayo yeye hataionja. Njaa waliyoisikia wajumbe haikuwa ya kuigiza. Mashine iitwayo kipitishahisi iliichota kwa mtu aliyeijua, ikaipeleka vitini pamoja na harufu na sauti za kumbukumbu yake.

Mtu huyo alikuwa Siwema, msichana wa kazi wa Mhandisi Tunu Mapunda, aliyeiunda mashine hiyo. Miaka mitatu Tunu alijaribu kuhifadhi hisia, akashindwa. Zilichacha kama maziwa. Kwa hiyo kila filamu ilipoonyeshwa, Siwema aliketi katika chumba cha kioo, taji la nyaya kichwani, akakumbuka upya. "Hata msichana wangu yumo kwenye mapambano," Tunu alipenda kuwaambia watu.

Filamu ikiisha, baraza lingeipigia kura Sheria ya Watumishi wa Ndani, itakayowapa likizo na ruhusa ya msiba. Zilihitajika kura sitini. Ubao uliosoma hisia za viti ulionyesha wanaoelekea kuiunga mkono: hamsini na mbili.

Ikafika sehemu ambayo mtumishi anapata habari kuwa mama yake amefariki. Mapigo ya moyo wa Siwema yakaruka hadi mia na arobaini. Katika chumba cha mitambo, Tunu akavaa kofia ya ukaguzi, inayopokea hisia nusu dakika kabla ya viti, ajue kinachokuja. Ikamjia harufu ya vitunguu vya jikoni kwake, kisha sauti yake mwenyewe, ya mwaka jana: "Pole sana, Siwema. Lakini wiki hii nina wageni. Utakwenda kwenye arobaini, nauli nitakupa."

Na nauli aliitoa, ya kwenda na kurudi. Mpaka dakika hiyo alijihesabu miongoni mwa waajiri wema. Aibu ikamchoma.

Baada ya nusu dakika wajumbe wote wangeisikia sauti hiyo, na wengi wao waliifahamu. Mkono wake ukaenda kwenye swichi ya kuzima mashine. Akafungua kipaza sauti cha chumba cha kioo.

"Siwema, moyo wako unakwenda mbio mno. Nizime upumzike?"

"Nikipumzika mimi, mama, sheria itapita?"

"Naogopa utaumia."

"Niliumia siku ile. Mama yangu anazikwa, mimi nakata vitunguu vya wageni wako." Akavuta pumzi. "Acha waisikie."

Tunu aliutazama ubao. Bado hamsini na mbili. Akautoa mkono kwenye swichi, akaukalia.

Sauti ikapita. Vichwa vikaanza kugeukia chumba cha mitambo, kimoja kimoja. Ubao ukapanda: hamsini na nane, sitini, sabini na moja. Mwenyekiti hakungoja filamu iishe. Aliomba wanyooshe mikono, na sheria ikapita.

Siwema alitoka kwenye chumba cha kioo amelowa jasho. Tunu alikuwa amesimama mlangoni.

"Nisamehe, Siwema. Nitakupa ruhusa, hata wiki mbili, ukazuru kaburi la mama yako."

"Siombi ruhusa, mama," alisema Siwema, akichukua mkoba wake. "Nakuaga."