Komeo Lililobaki Ukutani

Kila alasiri Cheche alipotoka shule, alivua sare, akala alichokikuta jikoni, kisha akakimbilia karakana ya mama yake. Mama alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi ya Cheche ilikuwa kusugua mageti kwa brashi kabla hayajapakwa rangi. Jina hilo la Cheche alipewa na wateja, maana alikuwa hatulii, na ulimi wake uliunguza.

Mageti ya mama yalisifika kwa komeo lake. Lilikuwa kipande kizito cha chuma kilichofungwa kwenye nguzo. Ukisukuma geti, komeo linainuka, kisha linaanguka lenyewe, ta! Geti limejifunga. Hata mtu aliyebeba ndoo mikono yote miwili hakuhangaika. Marehemu babu yake Cheche ndiye aliyelianzisha, na pia ndiye aliyeanzisha desturi ya karakana: lete komeo kuukuu, upate jipya kwa bei nafuu. Makuukuu yalikatwakatwa yakatengenezwa mapya. Hakuna chuma kilichotupwa.

Siku moja akaja mfanyabiashara mmoja aliyejulikana kwa jina la Bwana Mageti. Zamani alikuwa mteja wao.

"Mama fundi, komeo hili sasa lina hataza," alisema huku akimpa nakala ya hati. "Serikali imetambua kuwa ni uvumbuzi wangu. Hakuna ruhusa ya kulitengeneza bila idhini yangu."

"Uvumbuzi wako? Si hapa hapa uliponunua geti lako?"

"Nani anajua?" Bwana Mageti alitabasamu. "Lete ushahidi."

Tangu siku hiyo mashine ikanyamaza. Mteja aliyetaka geti alitaka na komeo lake. Alipolikosa, alikwenda kwa Bwana Mageti. Mama alishinda kwenye kiti chake, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, hana cha kuchomelea. Cheche alisugua geti lile lile lililokwisha kusuguliwa, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Waliposikia kuna wakili anayesaidia watu bila malipo, walikwenda kwake. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani minene.

"Hataza si amri ya Mungu," aliwaambia. "Hutolewa na watu, na watu hukosea. Mtu anaweza kuipinga hata baada ya kutolewa. Tungeweza kudai kwamba fundi yeyote wa kawaida angelifikiria komeo hilo, lakini ubishi wake hauishi. Njia iliyonyooka ni kuonyesha kwamba halikuwa jipya. Kama watu walilitumia hadharani kabla Bwana Mageti hajaliombea, hataza itabatilishwa. Leteni komeo la zamani, tena lijulikane ni la lini."

Mama aliinamisha kichwa. "Nitalitoa wapi? Nimeyakata yote kwa mkono wangu."

"Majirani si watatusemea?" Cheche aliuliza.

"Watasema, na itasaidia. Lakini Bwana Mageti atadai ni marafiki wa mama yako. Chuma hakina rafiki."

Walizunguka mtaa mzima. Kila geti lilikuwa na komeo jipya.

"Si wewe uliyekuwa ukituhimiza tubadilishe?" jirani mmoja alitania. Alipoona mama hacheki, akaongeza kwa upole, "Mnyonge hana haki, mama. Jizoeze kutengeneza vitanda."

Maji yalikuwa yamemfika mama shingoni. Usoni pake Cheche aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona: mama alikuwa ameshindwa.

Ndipo shetani alipompitia Cheche. Alichukua komeo jipya, akaliloweka katika ndoo ya maji ya chumvi nyuma ya nyumba mpaka likashika kutu. Kisha akalichora mwaka wa zamani kwa msumari. Akamwambia mama amelikuta kwenye vyuma chakavu. Mama alilikumbatia kama mtoto aliyepotea, na Cheche akatazama pembeni.

Wakili aliligeuza komeo mkononi. "Vizuri sana. Basi siku ya shauri mama utaapa kwamba ni la mwaka huu ulioandikwa."

"Nitaapa," mama alisema bila kusita.

Cheche alimtazama mama yake, mtu asiyewahi kumdanganya mteja hata kwa msumari mmoja. Machozi yakamtoka.

"Usiape, mama! Ni la juzi. Nimelifanyia kutu mimi."

Mama hakumgombeza, na hilo lilimuuma Cheche zaidi ya fimbo. Mama alilichukua lile komeo, wakarudi nyumbani.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya darasa la Cheche kusafisha kibanda cha pampu ya maji shuleni. Alifika, akatundika mkoba wake ukutani kama kawaida, akashika fagio. Mkoba ukaanguka. Alipouokota, alitazama alipokuwa ameutundika.

Mlango wa kibanda ulikuwa umeoza na kuondolewa siku nyingi. Lakini kwenye nguzo ya saruji ukutani hapo kilibaki kipande kizito cha chuma, pini yake imezama ndani ya saruji. Lilikuwa komeo la babu. Hakuna aliyelipeleka karakana kubadilishwa, kwa sababu lisingeng'oka bila kuvunja nguzo. Chini yake, fundi mwashi alikuwa ameandika mwaka kwa kidole saruji ilipokuwa mbichi. Mwaka huo Cheche alikuwa hajazaliwa.

Alikimbia hadi kwa wakili. "Shangazi, naapa safari hii si uongo!"

"Usiape," wakili alisema. "Nitakwenda kuona mwenyewe."

Cheche aliona haya, lakini alijua amejitakia.

Siku ya shauri, wakili wa Bwana Mageti alizitazama picha za komeo la shuleni, akacheka. "Kutu hupikwa kwa maji ya chumvi!"

"Kutu, ndiyo," wakili wao alijibu. "Saruji iliyokauka haipikwi. Twendeni shuleni tukaione."

Waamuzi wa shauri walikwenda, wakagusa, wakamhoji mwalimu mkuu. Baada ya muda uamuzi ukatoka: komeo halikuwa jipya siku lilipoombewa hataza. Hataza ikabatilishwa.

Mashine ilinguruma tena. Jioni hiyo mama alilitoa lile komeo la kutu na kulifunga kwenye mlango wa nyumba yao, bila kulisugua.

"Mama, si ulikate tu?" Cheche aliomba.

"Hapana, mwanangu. Njia ya mwongo ni fupi. Kama ungeninyamazia, wangeugundua uongo huo, na hata komeo la babu yako lisingeaminiwa na mtu. Haki yetu ilikuwa ukutani siku zote. Uongo wako ndio ungeizika."

Akausukuma mlango. Komeo likaanguka, ta! Cheche akainamisha macho.

"Na katika nyumba hii," mama alisema, "mfungaji wa mlango kila jioni ni wewe, ili usisahau."