Niliwaelekeza Tumbili kwa Shemeji Yangu

Samaki wangu wote walikuwa juu ya maji... matumbo meupe yameangalia mbinguni!

Sato wakubwa, wadogo, wote. Nilikaa chini kwenye nyasi zenye umande.

Wasomaji wangu, mimi ni bibi yenu Vestina wa Kimwani, Muleba. Nimesoma darasa la saba la zamani, kwa hiyo mnivumilie nikikosea. Lakini hili nitaliandika lote, maana sijawahi kumchukia mtu kama nilivyochukia asubuhi ile.

Kwanza mjue bwawa lenyewe.

Marehemu mume wangu Rutaihwa alilichimba bondeni, chini ya kibanja chetu cha migomba na kahawa. Pembeni yake, upande wa msitu, aliacha kipande cha shamba. Tulipanda viazi vitamu, mahindi na mapera. Havikuwa vyetu.

Vilikuwa vya tumbili.

Watu walicheka! Walisema Rutaihwa amerogwa, analimia wanyama. Yeye alijibu, "Tumbili akishiba pale chini, hapandi huku juu." Na kweli, miaka kumi na moja hawakugusa mgomba wetu. Wala wa jirani.

Jirani ndiye Karugendo, mdogo wake marehemu. Shemeji yangu.

Rutaihwa alipofariki, arobaini haijaisha, Karugendo akaanza.

"Shemeji, hili bonde ni la ukoo. Wewe unafugia nyani tu."

"Ni tumbili, shemeji. Na samaki je?"

"Samaki! Mjane na samaki wapi na wapi?"

Ukoo ukaketi. Mzee Byabato, mkuu wetu, akaamua: "Vestina akiendelea kulitunza bwawa, bonde ni lake. Likifa, linarudi kwa ukoo. Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao tutakuja kuangalia."

Siku nne baadaye, samaki wakafa!

Sasa sikilizeni. Nikiwa bado nimekaa pale, nikamwona Immakulata, mke wa Karugendo, anapita kwa haraka. Gauni lake lilikuwa limelowa hadi magotini. Alinitazama, macho mekundu.

"Pole, dada Vestina..."

"Pole ya nini?"

Aliondoka karibu kukimbia.

Huyu amejuaje? Na maji haya ya gauni ni ya wapi?

Nikapanda hadi mpakani. Karugendo amepanda utupa kuzunguka kibanja chake, kufukuza fuko. Kila mtu hapa anajua, majani ya utupa ukiyatwanga ukayatia majini, samaki wanalewa na kufa.

Miti yote ya utupa ilikuwa vijiti vitupu. Hata jani moja halikubaki.

Mawe, mama yangu! Mume na mke!

Immakulata niliyempokea akiwa bi harusi. Aliyeniletea uji nilipougua malaria, akanilisha kwa kijiko kama mtoto. Ijumaa zote nilimpa samaki. Leo ameingia bwawani kwangu na sumu?

Sikupiga yowe. Niliwazika samaki chini ya migomba, karai kwa karai, mwenyewe. Sikumwambia mtu. Hata Dastan mwanangu, aliye Bukoba mjini, sikumpigia.

Kisha nikachukua jembe.

Nikang'oa viazi vyote vya tumbili. Nikakata mahindi. Nikachuma mapera hadi ya kijani. Migomba yangu nikaizungushia nyavu zote za marehemu, nikawafunga mbwa wawili pale.

Nikakaa kibarazani, nikasubiri.

Siku ya tatu tumbili walifika. Wakatafuta viazi, hakuna. Wakatazama kwangu, mbwa wakabweka. Wakatazama ng'ambo ya njia...

Wakavuka!

Nilicheka peke yangu, nisiwadanganye. Karugendo alikuwa ametunza mikungu ya sherehe ya kipaimara cha mtoto wake. Tumbili waliila wakiwa wamekaa kama wageni waalikwa! Walivunja mahindi, wakafukua viazi, mmoja akaingia jikoni akatoka na mwiko.

Karugendo alipiga debe kutwa nzima mpaka sauti ikakauka.

"Shemeji! Mbona tumbili wako wako kwangu?"

"Wangu tangu lini? Si ulisema bonde ni la ukoo? Basi na tumbili ni wa ukoo."

Utamu wa maneno hayo niliulamba wiki nzima.

Lakini bwawa langu lilibaki tupu. Utupa nguvu yake huisha majini baada ya wiki chache, hilo halikunisumbua. Samaki ndio sikuwa nao. Wanaouza vifaranga vya samaki waliniambia nisubiri miezi mitatu. Jumapili ya ukoo ilibaki siku mbili.

Ijumaa ile, mchana, mlango ukagongwa.

Immakulata! Amekonda, mifupa ya shingo inahesabika. Kichwani amebeba ndoo yenye mfuniko.

"Umefuata nini? Sina ndizi za kukupa!"

"Sijafuata ndizi, dada." Akaitua ndoo. "Fungua."

Nikafungua.

Maji yakanirukia usoni. Samaki! Sato hai, wamebanana, wanapiga mikia!

"Wengine wako nyumbani," alisema. "Safari kama nane hivi."

"Umewatoa wapi?"

"Kwako. Asubuhi ile nilimkuta mume wangu anaosha kinu, kimejaa majani. Nikachukua ndoo nikakimbia. Waliokuwa kwenye mfereji, maji safi yanapoingia, walikuwa bado wanahema. Niliingia nikawatoa niliowaweza kabla hujafika. Nimewafuga kwenye tangi la mvua nyuma ya jiko, nawapa pumba. Yeye jikoni hafiki."

Gauni lililolowa hadi magotini...

"Mbona hukuniambia?"

"Uliacha kunisalimia, dada."

Niliona aibu, wasomaji, aibu inayochoma.

"Watoto wamekula nini leo?"

Alitazama chini. "Karugendo anakula mjini kwa rafiki zake. Sisi... tumbili hawakutuachia kitu."

Wiki zote zile nilidhani namshindisha njaa Karugendo! Kumbe nilimshindisha njaa mwanamke aliyekuwa anawalisha samaki wangu!

Nilimpikia ndizi na maharage, nikajaza kapu la watoto. Tulilia, tukala, tukabeba ndoo.

Jumapili ukoo ukaja. Karugendo mbele, amevaa koti.

"Wazee, angalieni wenyewe. Bwawa halina kitu."

Nilimpa Mzee Byabato pumba. "Waitu, mzee wetu, rusha."

Akarusha.

Maji yakachemka! Midomo, mikia, migongo!

Karugendo aliruka nyuma. "Haiwezekani! Si walikufa wote!"

Wazee wote wakamgeukia.

"Nani alikuambia walikufa, shemeji?" niliuliza taratibu. "Niliwazika peke yangu. Sikumwambia hata mwanangu."

Mzee Byabato alimtazama, kisha akatazama juu mpakani, kwenye utupa uliokuwa unaanza tu kuchipua. Hakuhitaji kuambiwa.

Jina la Immakulata halikutajwa. Lile tulilizika na samaki.

Bonde likabaki langu. Na Karugendo akahukumiwa kulima kile kipande cha tumbili, kwa mkono wake, misimu miwili. Jumamosi zote yuko pale ameinama, na wapita njia hawamwachi.

"Karugendo! Bosi wako tumbili anakulipa lini?"

Mimi niko kibarazani na Immakulata, tunamenya ndizi, tunamtazama. Sijamsamehe bado, na sioni haraka.

Ila nawaachia hili, wajukuu zangu: kabla hujamlipiza adui yako, chungulia kwanza ni nani mwingine anayekula kwenye sufuria yake.