Balozi wa Mtaa wa Karakana

Balozi alikuwa na miguu mitatu, kichwa cha ukubwa wa sufuria ya pilau, na adabu kuliko nusu ya wakazi wa Mtaa wa Karakana. Jua likichomoza kati ya minara ya Tabora, alitoka kibandani kwake akaanza na nyumba ya kwanza: "Hodi hapa. Habari za asubuhi?" Mwenye nyumba akijibu, Balozi aliinamisha sufuria yake kwa heshima, akageuka, akaenda nyumba ya pili. Alipomaliza mtaa mzima alisimama njia panda, akafungua kifua chake chenye spika.

"Wakazi wa Karakana, salamu. Maji yatakatika mchana, jazeni ndoo. Kikao cha harusi ya binti wa Mzee Kapilima ni leo alasiri. Walioahidi viti walete viti, wasilete maelezo. Jogoo wa Mama Zuhura hajaonekana tangu jana, ila harufu yake imesikika upande wa karakana."

Kisha zilifuata salamu, kipande kilichopendwa kuliko vyote. Balozi alirusha sauti za watu wenyewe, nyumba kwa nyumba: "Njema." "Salama kabisa." "Tunamshukuru Mungu." Unakunywa chai yako, unawasikia jirani zako wote wakiwa wazima, unafuta mdomo, unakwenda kazini. Huna haja ya kumtembelea mtu.

Zamani, kabla ya magari kuanza kupaa na akili unde kuanza kutunga mitihani, balozi wa nyumba kumi alikuwa binadamu. Alijua nani kalala njaa na nani kalala kwa jirani. Mabalozi wa namna ile waliisha, na aliyeziba pengo lao alikuwa kijana wa mtaani hapo hapo, Injinia Hamduni Kiyabo, mtu mwembamba mwenye haraka ya kudumu, ambaye hata usingizi alilala akiwa amekunja mikono ya shati.

Balozi wake wa kwanza alikuwa na kasoro moja: alikuwa msikivu. Na watu wa Karakana huwezi kuwasikiliza ukamaliza. Ukimuuliza mtu wa pale habari, atasema njema. Watoto? Hawajambo. Kazi? Tunasukuma. Mnamaliza salamu zote, unataka kuaga, ndipo anakwambia: "Ila nyumba imeungua." Njema hutangulia, habari yenyewe hufuata baadaye. Balozi akawa anasikiliza mpaka mwisho, na taarifa ya asubuhi ikawa inasomwa watu wakila ugali wa mchana. Siku moja betri ilimwishia mlangoni kwa Mzee Kapilima, hadithi ya goti la mzee ikiwa bado haijafika katikati.

Hamduni akamrekebisha. Tangu hapo, Balozi akishasikia neno la kwanza jema, sikio lake hujifunga na miguu yake hugeuka. Taarifa ikawahi. Mtaa ukapiga makofi.

Lakini watu nao wana akili zao. Kama kinachotakiwa ni neno moja, na neno lenyewe ni lile lile kila siku, ya nini kuamka? Hamduni akawatengenezea kitikio: kisahani kidogo kama kifungo cha koti, kinakaa pembeni ya mlango, kimehifadhi jibu lako kwa sauti yako. Hodi ikipigwa ukakaa kimya, kitikio kinakujibia. Cha kwanza kabisa alimfungia shangazi yake, Bi Mwanaheri, kama zawadi ya Idi.

Huyo shangazi ndiye aliyemlea. Alimlea kwa maandazi, kwa kandambili, na kwa masimulizi marefu kuliko vyote viwili. Siku hizi waliishi mtaa mmoja, yeye mwanzo, shangazi mwisho. Kila asubuhi Hamduni aliisikia sauti yake njia panda, akatabasamu, akajiambia jioni nitapita. Jioni zilikuwa nyingi, naye hakupita.

Asubuhi moja jiji lilileta wageni. Walitaka kumwona Balozi akifanya kazi, wakipendezwa kila mtaa upate wake. Aliyewaongoza alikuwa Mkurugenzi Lubasha, mama mnene mcheshi, aliyemkagua Balozi kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Injinia, hili sufuria lako haliumbui watu?"

"Halina umbea, mama. Umbea unahitaji muda."

"Basi tupeleke kwa mtu mwenye maneno, tuone linavyojinasua."

Wote walicheka, na Hamduni akajua pa kuwapeleka. Wakaongozana nyuma ya miguu mitatu mpaka mwisho wa mtaa, kwenye mlango wa bluu.

"Hodi hapa," akasema Balozi. "Habari za asubuhi?"

"Njema, mwanangu, njema. Wewe je?"

Ilikuwa sauti yenye kicheko kilichojificha, kama mtu aliyefunika sufuria kabla haijachemka. Balozi alikuwa ameshageuka.

"Anamjulia hali roboti," Mkurugenzi akasema, amefurahi.

"Ndivyo alivyo. Hata jiko akilizima analiaga." Hamduni akasogea mlangoni. "Shangazi, shikamoo. Hodi. Fungua basi, nimekuletea wageni."

"Njema, mwanangu, njema. Wewe je?"

Mgeni mmoja akatania: "Mama, umeamkiwa. Marahaba yetu iko wapi?"

Wakacheka tena. Hamduni naye alikuwa anacheka, kisha akabaki na meno tu. Bi Mwanaheri angeweza kusahau kula. Angeweza kusahau jina lako akakuita kwa majina ya watoto wote wa ukoo mpaka akalifikia. Lakini shikamoo ya mtoto aliyemlea haikuwahi kuanguka chini bila marahaba.

"Shikamoo, Shangazi," akarudia, polepole. "Hodi."

"Njema, mwanangu, njema. Wewe je?"

Hakuna aliyecheka. Siwema, jirani wa ukuta mmoja, akatoka na kanga kiunoni.

"Yumo, mbona mimi namsikia kila siku?"

"Umemwona, dada?"

"Nimekwambia namsikia."

"Nauliza umemwona."

Siwema akaitazama mikono yake. "Na wewe, Hamduni, umemwona?"

Wanaume wawili wakausukuma mlango kwa mabega. Kitasa kiliachia kwa urahisi, kama kitu kilichochoka kungoja.

Ndani kulikuwa na baridi, mashine ya kupoza hewa ikiendelea na kazi yake kwa uaminifu. Mchicha kwenye kopo la dirishani ulikuwa umekauka, umesimama kama njiti. Bi Mwanaheri alikuwa ameketi kwenye kigoda, amejifunika kanga mabegani, kichwa ameegemeza ukutani. Kigoda hakikuwa jikoni mahali pake. Kilikuwa nyuma ya mlango, karibu kiasi cha magoti kugusa ubao. Hapo ndipo mtu hukaa akitaka asikike nje.

Alikuwa amekufa zamani. Hilo halikuhitaji daktari, ingawa daktari aliitwa.

Siwema ndiye aliyepiga ukelele. Mtaa wote ukaja, na walipoambiwa kilichotokea wakafanya jambo ambalo Balozi hakuwahi kulitangaza: walitawanyika mbio, kila mmoja akaenda kugonga mlango wa mtu wake. "Hodi! Baba, hodi!" "Hodi, bibi!" Na milango ikawajibu. Huku "njema", kule "salama kabisa", ng'ambo "tunamshukuru Mungu", sauti nzuri za watu wazima zikitoka kwenye mbao zilizofungwa, wala hakuna aliyezisadiki. Mzee Kapilima alitoka akichechemea na mswaki mdomoni, mwanawe akamkumbatia kwa nguvu mpaka mswaki ukadondoka.

Hamduni alimkuta Balozi amesimama njia panda, akisubiri saa ya taarifa.

"Siku ya mwisho aliyokujibu mwenyewe," akamwambia, "siyo kitikio, yeye. Alisema nini?"

"Alisema njema," akajibu Balozi kwa adabu yake.

"Halafu?"

"Halafu niligeuka."

"Baada ya njema hakusema kitu?"

"Alikuwa bado anaongea, Injinia. Mdomo wake ulikuwa ukisogea katika jicho langu la nyuma. Alinyoosha mkono pia."

"Alikuwa anasema nini?"

"Sikio lilikuwa limefungwa. Ni agizo lako."

Hamduni alijua kwamba sauti isiyosikilizwa haihifadhiwi popote. Yeye mwenyewe alipanga iwe hivyo, ili kumpunguzia Balozi mzigo. Mkurugenzi Lubasha alikuwa amesikia yote. Alimshika bega, akawakusanya wageni wake wakaondoka kwa miguu, kana kwamba kupaa kungekuwa utovu wa heshima.

Adhuhuri msiba ulikuwa umejaa. Wanawake waliosha, wanaume walichimba, maturubai yalifungwa. Lakini kuliibuka tatizo. Kila mwombolezaji aliyefika alipiga hodi, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, na kila hodi ikajibiwa na marehemu: "Njema, mwanangu, njema. Wewe je?" Mama mmoja mtu mzima alizimia kizingitini. Wengine wakaanza kuingia bila hodi, vichwa chini, kama wezi.

Siwema akamfuata Hamduni na bisibisi mkononi.

"Kitoe, mdogo wangu. Watu hawawezi kumlilia mtu anayewapokea."

"Kikifunguliwa kinafuta kila kitu, dada. Hakuna sauti yake mahali pengine, Balozi naye hufuta akishatangaza. Nilivitengeneza hivyo ili asiibiwe mtu sauti."

"Jeneza linatoka sasa hivi. Utataka sauti yake mwenyewe ndiyo imuage?"

Hamduni akapokea bisibisi, akainama mbele ya kisahani. Nyuma yake jeneza lilikuwa limeshanyanyuliwa, wabebaji wamesimama wakimngoja. Akaweka ncha kwenye skrubu ya kwanza, mkono ukakataa.

"Hodi, Shangazi," akasema. "Habari za asubuhi?"

"Njema, mwanangu, njema. Wewe je?"

Hamduni mwenyewe ndiye aliyeikata njia ya swali hilo. Kila siku aliyokuwa hai shangazi alikuwa ameliuliza, na Balozi aliyeulizwa alikuwa ameshampa mgongo.

"Njema, Shangazi," akajibu Hamduni. Wabebaji wakadhani amemaliza, wakainua mguu. Siwema akawazuia kwa kiganja.

"Ila," akasema Hamduni, na hapo akaanza kueleza. Alieleza jioni zote ambazo hakupita, moja baada ya nyingine, bila haraka, bila mtu yeyote kumkatiza, mpaka mabega ya wabebaji yakaanza kutetemeka chini ya mzigo. Kisahani kilikaa kimya. Hakikuundwa kusikia kitu baada ya njema.

Alipomaliza, alifungua skrubu, akasogea pembeni, wakampitisha.